Fundi cherehani aliyejipima kabla ya kuchapisha kitabu

Mtoto akifunga shule mwisho wa muhula hurudi na karatasi. Hisabati 41, Kiswahili 78, Sayansi 55, na chini kabisa maoni ya mwalimu wa darasa. Mzazi akiisoma anajua pa kupongeza na pa kutafutia tuisheni. Lakini mzazi huyohuyo, kama ni mtu wa kuandika hadithi au mashairi usiku watoto wakishalala, hana karatasi ya namna hiyo. Akiwauliza ndugu zake wanamwambia anaandika vizuri, kwa sababu wanampenda. Akijiuliza mwenyewe, jibu linategemea siku ilivyokwenda. Siku ikiwa njema anajiona Shaaban Robert, ikiwa mbaya anataka kuchoma daftari.

Kwa wengi jambo hili halina madhara makubwa. Kwa mama mmoja wa Morogoro, fundi cherehani mwenye watoto watatu, lilifika mahali likawa na bei: shilingi 1,800,000.

Hiyo ndiyo gharama aliyotajiwa na mchapaji mmoja kwa nakala 300 za kitabu chake cha hadithi fupi. Hadithi zilikuwa 12, zimeandikwa kwa mkono katika kaunta buku nne kwa muda wa miaka sita. Fedha alikuwa nazo, ila zilikuwa akiba yake ya kikoba, na alikuwa ameiweka kwa ajili ya kununua mashine ya overloki. Nguo zake zote hupelekwa kwa fundi wa mtaa wa pili kupigwa overloki, na kila moja ikirudi imeshapunguza faida.

Mumewe hakukataa. Aliuliza swali moja tu, wakiwa mezani.

"Mama watoto, wewe mwenyewe unazionaje hizo hadithi?"

"Nzuri."

"Zote?"

Hapo akakosa la kusema. Si kwamba aliona ni mbaya. Alitambua kuwa hakuwahi kuzitazama moja moja kwa jicho la mtu anayetaka kujua. Alizitazama kwa jicho la aliyezizaa.

Asubuhi yake akampigia mchapaji simu na kumwomba mwezi mmoja.

Futi halisifu wala halitukani

Mteja akifika barazani kwa fundi huyu, haulizwi kama ana umbo zuri. Futi linazungushwa kifuani, kiunoni, begani, na namba inaandikwa. Namba si sifa wala si tusi. Ikiwa bega moja limeshuka kuliko jingine, fundi halionei haya wala halisemi kwa sauti. Analiandika, kisha anakata kitambaa kulingana nalo.

Watu wengi wanaoandika hawajipimi hivyo. Wanajihukumu. Wanajiuliza, "Nina kipaji au sina?" na swali hilo halina jibu linaloweza kumsaidia mtu kesho asubuhi. Swali linalosaidia ni dogo zaidi: katika kuandika kuna kazi gani mbalimbali, na katika kila moja nimesimama wapi? Kuna mazungumzo ya wahusika. Kuna maelezo ya mahali. Kuna namna ya kuanza, mpangilio wa matukio, namna ya kumaliza. Kuna lugha yenyewe. Kuna ukweli wa watu wanaoandikwa. Kuna hata subira ya kurudia kazi. Mtu anaweza kuwa hodari katika moja na dhaifu katika nyingine, kama mtoto mwenye 78 ya Kiswahili na 41 ya Hisabati.

Mama huyu aliorodhesha kazi hizo ndani ya jalada la kaunta buku ya nne, akaacha nafasi mbele ya kila moja. Kisha akaanza kusoma.

Hakuanza na hadithi ya 12, aliyoimaliza wiki iliyotangulia na ambayo ndiyo aliipenda kuliko zote. Hiyo aliiweka kando kwa sababu bado ilikuwa ya moto. Mwandishi anaposoma alichoandika juzi, hasomi kilichomo kwenye karatasi. Anasoma kilichomo kichwani mwake, na kichwani hakuna neno lililopungua. Hadithi za mwaka juzi na mwaka wa nyuma yake zilikuwa zimekwisha kupoa.

Alizisoma kwa sauti, saa ambazo watoto wako shule na wateja hawajaanza kufika, akiwa na penseli mkononi. Kila ulimi ulipojikwaa aliweka alama pembeni. Kila alipojikuta anarukaruka mistari ili afike mbele, aliweka alama nyingine.

Alama zilionyesha jambo ambalo hakulitarajia. Ulimi ulijikwaa zaidi kwenye maelezo ya mahali, na hayo ndiyo aliyokuwa akijivunia. Alikuwa akiyafanyia kazi usiku mzima, akitafuta maneno mazito. Katika hadithi 12, saba zilianza na jua likichomoza juu ya milima ya Uluguru, na katika saba hizo jua lilichomoza kwa maneno yaleyale.

Watu wake walipoanza kusema, hakukuwa na alama hata moja. Mama wa bibi harusi anabishania bei ya sare na mwenyekiti wa kamati. Mke anamwambia mume kuwa hana neno, huku neno likiwa wazi kwenye kila anachokitaja. Kurasa hizo alizisoma bila kusita, na mara mbili alicheka peke yake. Maneno yale yalikuwa yamemwingia masikioni kwa miaka 15 ya kukaa barazani, watu wakigombana, wakipatana na kusengenyana juu ya kichwa chake huku yeye akipindisha pindo.

Kipawa namna hii mwenye nacho hukipita bila kukiona, kwa kuwa hakimtoi jasho. Mtu huthamini kile kilichomchosha, akadhani kilichokuja chenyewe hakina thamani. Ndiyo maana anayejipima hana budi kutazama penseli imeweka alama wapi na imepita wapi bila kusimama, asitegemee kumbukumbu ya wapi alihangaika.

Wasomaji watatu, maswali matatu

Hatua ya pili ilikuwa kuwapa watu. Hapa napo kuna namna ya kuuliza. Ukimuuliza mtu wa nyumbani, "Ni nzuri?" umemlazimisha kuchagua kati ya ukweli na amani ya nyumba, na mtu mwenye busara huchagua amani. Mama huyu aliwapa watu watatu hadithi nne kila mmoja, na kila mmoja alipewa swali lake.

Wifi yake, ambaye husoma hadithi za mapenzi kwenye simu hadi saa sita za usiku, aliambiwa aweke alama pale tu alipotamani kuacha kusoma. Mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayeishi nyumba ya tatu aliambiwa aseme ni kitu gani kinajirudia. Binti yake mkubwa, wa kidato cha pili, aliulizwa ni mtu gani katika hadithi hizo anaweza kumtambua akimkuta sokoni.

Binti ndiye aliyerudi kwanza. Alitaja watu watano, wote ni wanawake wanaosema sana. Kisha akaongeza ambalo hakuulizwa.

"Mama, watu wako wakigombana ni kama nawasikia majirani. Ila mwisho wote wanageuka mwalimu wa nidhamu."

Alama za wifi zilisema hivyohivyo. Karibu zote zilikuwa kwenye kurasa mbili za mwisho. Mama akahesabu: hadithi tisa kati ya 12 zilimalizwa na mzee, mwalimu au bibi anayewaweka wenzake kitako na kuwaeleza funzo la yote yaliyotokea. Lilikuwa kosa linaloeleweka. Mzazi ana mazoea ya kumaliza kila jambo kwa nasaha. Mtoto akivunja sahani, sahani inazolewa na nasaha inafuata. Lakini msomaji aliyeona kwa macho yake mke akidhulumiwa hahitaji mzee wa kumwambia kuwa dhuluma ni mbaya.

Ushairi ulikuwa na kesi yake. Pamoja na hadithi, mama huyu alikuwa na mashairi matano aliyotaka yaingie kitabuni. Aliyakagua kwa vidole. Mshororo wa shairi la kawaida la beti za mistari minne huwa na mizani 16, nane na nane. Yake yalikuwa na 14 hapa, 17 pale, na vina vilivyopotea ubeti wa tatu.

Mtu angeweza kumtetea kwa kusema kuwa si kila shairi linafuata vina na mizani. Ni kweli. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 alileta mashairi yasiyofungwa na kanuni hizo, na mabishano yaliyofuata kati ya wanamapokeo na wanausasa yaliendelea kwa miaka. Lakini Kezilahabi aliacha vina kwa kuamua. Hiki ndicho kipimo kizuri cha kutenganisha udhaifu na mtindo: mwandishi ajiulize, je, nilikusudia? Akiweza kusema kwa nini mstari umekatika pale, huo ni mtindo wake, hata kama wengine hawaupendi. Mama huyu alijiuliza kuhusu mizani 17 na jibu lilikuwa kwamba hakuhesabu.

Hakuona sababu ya kujilaumu. Si kila udhaifu unahitaji kutibiwa. Fundi wa magauni halazimiki kujua kushona suti. Aliyaondoa mashairi yote matano, akajiandikia kwamba huko si kwake, angalau kwa sasa. Hata tuzo za uandishi, kama ile ya taifa inayobeba jina la Mwalimu Nyerere, hutenga riwaya na ushairi kila kimoja na fungu lake. Anayejua fungu lake haendi kushindana kwenye la mwenzake.

Mama wanne waliokufa

Mwalimu mstaafu alichukua wiki mbili. Aliporudisha karatasi hakuwa na alama nyingi za sarufi kama ilivyotegemewa. Alikuwa ameandika mstari mmoja nyuma ya ukurasa wa mwisho, na akausoma mwenyewe kwa mdomo, taratibu.

"Binti yangu, nimesoma hadithi nne. Katika zote nne kuna mama, na mama wote wanne wamekufa kabla ya ukurasa wa tatu. Wote walikuwa watu wema. Hawa kina mama wamekukosea nini?"

Fundi akacheka, akasema ni bahati tu. Usiku akafungua hadithi nane zilizobaki. Akakuta wengine watatu.

Jambo ambalo mwalimu hakulijua ni hili. Miaka ya tisini, fundi huyu akiwa na umri wa miaka minane, mama yake alimwacha yeye na mdogo wake kwa bibi yao Kilosa, akaenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Alikaa miaka mitatu. Fedha zilikuwa zikija, yeye haji. Leo mama huyo ni mzee na anaishi katika nyumba hiyohiyo ya Morogoro, chumba cha uani, na ndiye anayewapikia wajukuu uji asubuhi. Hawajawahi kuizungumzia miaka hiyo.

Na katika miaka sita ya kuandika, kila hadithi ilipofika karibu na mlango huo, mwandishi alimuua mama. Marehemu halaumiwi. Mtoto wa hadithi anabaki na huzuni safi, isiyo na hasira ndani yake. Kwa hiyo wanawake wengine wote wa hadithi zake walikuwa hai, wenye midomo, wenye makosa, na mama peke yao walikuwa picha ukutani.

Udhaifu wa namna hii hauonekani kwenye orodha ya kazi za uandishi. Mtu anaweza kujifunza kuanza vizuri, kupanga matukio na kukata nasaha, na bado akawa na chumba kimoja ambacho kalamu haiingii. Kila mwandishi mzazi huenda ana chumba chake: ndoa ya kwanza, mtoto aliyefariki, baba mlevi, deni. Si lazima akifungue. Ila ni vizuri ajue kuwa hapo ndipo anapozunguka, asije akadhani tatizo lake ni msamiati.

Mwalimu alimkumbusha kuwa fasihi ya Kiswahili ina mfano mzuri wa kuandika kutoka ndani ya nyumba. Mwana Kupona, mwanamke wa Pate, alitunga utenzi wake mashuhuri mwishoni mwa miaka ya 1850 akiwa mgonjwa, akimwambia binti yake aje akae karibu amuusie. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kuandika vitabu vyake huku akiajiriwa serikalini, alieleza katika Maisha Yangu kifo cha mkewe Amina, na mle mna tenzi alizowatungia watoto wake. Hawakwenda kutafuta mbali. Walishika kilichokuwa karibu, hata kilipouma.

Hesabu ya mwisho

Mwezi ulipokwisha, jalada la kaunta buku lilisomeka hivi. Mazungumzo: nzuri sana. Kujua watu: nzuri. Subira ya kurudia: nzuri, ana mazoea ya kufumua mshono. Mwanzo: hafifu, punguza jua. Maelezo ya mahali: wastani, tumia maneno ya kawaida. Mwisho: hafifu, kata. Ushairi: acha. Mama: bado.

Katika hadithi 12, tatu zilisimama zenyewe. Nne zingesimama zikiondolewa mwanzo na mwisho. Tano aliziacha, na kati ya hizo tano ilikuwamo ile ya 12, aliyoipenda kuliko zote.

Alimwambia mumewe kuwa hatachapisha mwaka huo. Mume akauliza kama amekata tamaa. Akamjibu kuwa kabla ya hapo alikuwa na hadithi 12 asizozijua, sasa ana saba anazozijua. Fedha zikanunua mashine ya overloki iliyotumika, na baki ikarudi kikobani.

Kisha akaandika hadithi ya 13. Humo mama hafi. Anaondoka na basi alfajiri, anakaa miaka mitatu, anarudi mchana mmoja na sanduku jekundu, na mtoto wake mdogo anamkimbia kwa kuwa hamjui. Hakuna mzee anayetoa nasaha. Iliandikwa mara nne.

Hapo likaja swali ambalo kila mzazi anayeandika juu ya watu wake atakutana nalo: je, hadithi hii ni yangu peke yangu? Aliona si haki wageni waisome kabla ya mwenyewe kuisikia. Jumapili moja mchana, bibi akiwa uani anachambua mchele, akaenda na daftari, akavuta kigoda.

"Mama, nimeandika kitu. Naomba nikusomee. Ukisema nikichane, nitakichana."

Bibi hakuinua macho. "Soma, mwanangu."

Akasoma yote. Ungo haukusimama. Alipomaliza, bibi akatoa kokoto mbili, akazitupa.

"Sanduku halikuwa jekundu. Lilikuwa la bati."

Fundi akaandika.

"Na mdogo wako hakunikimbia. Alikuwa amelala. Aliyekimbia ulikuwa wewe. Ulijificha nyuma ya kihenge mpaka jioni, nikakufuata na chai, ukaimwaga."

Fundi hakuwa akikumbuka hivyo. Katika kichwa chake, miaka yote, aliyekimbia alikuwa mdogo wake. Alikaa na penseli bila kuandika. Baada ya muda akauliza kama aandike hivyo.

"Si umesema unataka kuandika ukweli? Andika. Ila uandike na kwamba nilikuita kwa jina lako, na kwamba nilikaa pale mpaka ukatoka." Bibi akapeta mchele mara mbili, tatu. "Nililala njaa mara nyingi mjini nikiziba hizo ada zenu. Hilo usiandike. Hilo ni langu."

Halikuandikwa kwenye hadithi. Limeingia hapa kwa ruhusa ya bibi, aliyeulizwa mara mbili na kusema gazetini hawamjui, waliandike.

Hadithi ya 13 sasa ina sanduku la bati, kihenge na chai iliyomwagika. Mwalimu mstaafu ameisoma. Hakuweka alama, aliomba aikae nayo siku moja zaidi. Binti wa kidato cha pili aliisoma pia, kisha kwa siku kadhaa akawa anakwenda kuchota maji ya bibi bila kutumwa.

Mzazi anayetaka kujipima kama huyu hahitaji darasa wala fedha. Anahitaji kazi iliyokwisha kupoa, penseli, sauti yake mwenyewe, na wasomaji wawili watatu waliopewa maswali ambayo wanaweza kuyajibu bila kumwonea haya. Anahitaji kuhesabu: mwanzo ngapi zinafanana, nasaha ngapi, ni mtu gani hayupo au anakufa mapema kila mara. Na akishapata majibu, achague machache. Fundi huyu hakujaribu kurekebisha kila kitu. Alishika mwisho wa hadithi na ule mlango mmoja, mengine akayaachia muda.

Desemba mchapaji alipiga simu tena kuuliza kama kitabu kiko tayari. Akaambiwa hadithi zimefika nane na mwenyewe anataka 10. Mchapaji akasema karatasi imepanda, bei haitakuwa ile. Fundi akasema ameelewa, akakata simu, akarudi kwenye overloki. Kulikuwa na sare za harusi 22 za kukabidhi Ijumaa, na mama wa bibi harusi alikuwa amekaa barazani tayari, anabishana na mtu kwenye simu, na fundi alikuwa anasikiliza.